ASKARI AKIBISHA HODI, JE, ANA HATI?

Bila shaka unaukumbuka mdahalo wa Chama cha Kiswahili wa muhula uliopita, maana kelele zake zilisikika hadi ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Hoja ilikuwa: "Polisi waruhusiwe kumpekua mtu yeyote, mahali popote, wakati wowote." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga. Nilisimama nikiwa na methali zangu mkononi, lakini mwenzangu wa upande wa pili, ambaye baba yake ni askari, akaniuliza swali moja tu: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Nilibabaika. Ukumbi ukaangua kicheko. Kura zilipohesabiwa, tulikuwa tumeshindwa vibaya.

Kumbe jibu nilikuwa nalo nyumbani, ila sikujua jinsi ya kulisema. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma, na sasa nataka kulisema kwa utulivu, pasipo mtu wa kunicheka.

Sisi tunakaa katika ploti ya vyumba kumi na viwili, bomba moja na lango moja. Likizo ya Agosti, yapata saa nne za usiku, tulisikia lango likigongwa kwa nguvu. Keateka akafungua. Waliingia wanaume wanne, wawili wakiwa na sare za polisi na wawili wakiwa na nguo za kawaida. Walisema wanatafuta simu za wizi. Hawakusema ni chumba kipi wala ni nani anayeshukiwa, bali walianza na chumba cha kwanza na kuendelea mpaka cha mwisho. Kwetu walipindua godoro, wakatia mkono kwenye ndoo ya unga, wakafungua sanduku la mama lenye vyeti vyetu vya kuzaliwa na leso za marehemu nyanya. Kisha mmoja akaichukua simu ya kaka yangu, akamwambia, "Fungua." Kaka akafungua. Yule bwana akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, hata ule wa msichana wake, tena kwa sauti, na wenzake wakacheka. Mwisho wakaenda na simu ile. Hawakuonyesha karatasi yoyote walipoingia, na hawakuacha karatasi yoyote walipotoka.

Kaka yangu huendesha bodaboda, na wateja wake humpigia simu. Kwa siku tatu hakuna aliyempata. Siku ya nne simu ilirudishwa, kioo kimepasuka. Ati haikuwa ya wizi. Mama alitazama kile kioo, akasema, "Wacha tu, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe."

Mimi sikuweza kuwacha. Nilimwendea mzee mmoja jirani yetu ambaye alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Pia mwalimu wetu wa Historia na Serikali aliniazima nakala yake ya Katiba. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwao na katika sheria zenyewe.

KATIBA INASEMA NINI?

Tuanze na shina. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Haki hiyo imegawanywa mara nne. Kwanza, usipekuliwe mwilini, nyumbani wala katika mali yako. Pili, vitu vyako visitwaliwe. Tatu, habari za jamaa yako au mambo yako ya siri zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu. Nne, mawasiliano yako yasiingiliwe.

Hebu yaangalie mambo hayo manne, kisha ukumbuke ule usiku wetu. Godoro limo, simu kuchukuliwa imo, na ujumbe wa msichana kusomwa kwa sauti umo pia. Mimi nilidhani sheria ya upekuzi ni ya milango na kuta tu. Kumbe Katiba imeiweka simu bega kwa bega na nyumba.

Lakini tusidanganyane. Haki hii si ukuta usio na mlango. Kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka, ilmradi mipaka hiyo imewekwa na sheria, na iwe ya kiasi na ya haki katika nchi ya kidemokrasia. Kwa hiyo swali si kama polisi wanaweza kupekua. Wanaweza. Swali ni nani amewaruhusu na kwa njia gani.

HATI YA UPEKUZI NI KITU GANI?

Hii ndiyo karatasi ambayo wengi wetu tunaiita waranti. Inatokana na Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 118. Askari anakwenda kwa hakimu. Anathibitisha kwa kiapo kwamba kuna kitu kilichohusika na uhalifu, au kitu kinachohitajika katika upelelezi, na kwamba kuna sababu ya kushuku kitu hicho kiko mahali fulani, iwe ni nyumba, gari, chombo cha majini au hata sanduku. Hakimu akiridhika, anatoa hati kwa maandishi. Kitu kikipatikana, kinatwaliwa na kupelekwa mahakamani.

Nilimwuliza mzee karani kwa nini mwenye nyumba haitwi naye aende kujitetea kabla hati haijatolewa. Mzee alicheka. "Mjukuu wangu," alisema, "ukimwita mwizi umwambie kesho tunakuja kukupekua, akifika nyumbani atafanya nini?" Nikaelewa. Ndiyo maana ombi husikizwa upande mmoja tu, yaani upande wa polisi. Na kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, hakimu anapaswa kuuliza yale maswali ambayo mwenye nyumba angeuliza: Unatafuta nini? Umejuaje kiko huko? Kwa nini nyumba hii na si ile?

Mzee alinieleza jambo hili kwa mfano ambao sitausahau. Alisema mbele ya mlango huwa pana watu wawili, anayeshuku na anayeshukiwa. Anayeshuku ana haraka, na anayeshukiwa ana hofu. Hati inamleta mtu wa tatu asiye na haraka wala hofu. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Sheria inaendelea kueleza namna ya kuitumia hati hiyo. Kifungu cha 119 kinasema inaweza kutumika siku yoyote, hata Jumapili, lakini kati ya macheo na machweo. Upekuzi wa usiku unataka hakimu awe ameuruhusu katika hati yenyewe. Kifungu cha 120 nacho kinamgusa mwenye nyumba: ukionyeshwa hati, ni wajibu wako kufungua na kuwaacha waingie. Ukikataa, sheria inawaruhusu kuvunja. Na kifungu cha 27 kinasema mwanamke anayepekuliwa mwilini apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa heshima. Wasichana wenzangu, hilo lishikeni.

LINI HATI HAIHITAJIKI?

Hapa namrudia mwenzangu wa mdahalo, maana alisema neno la kweli nami nikalipuuza. Alisema, "Mwizi hamngoji hakimu." Sheria inakubaliana naye, na imeweka nafasi kadhaa ambapo askari hahitaji kwenda mahakamani kwanza.

Ya kwanza ni barabarani. Kifungu cha 26 cha sheria ile ile kinamruhusu askari kulisimamisha na kulipekua gari ambalo kuna sababu ya kushuku kwamba limebeba mali ya wizi au limetumika katika uhalifu. Vivyo hivyo kwa mtu anayeshukiwa kubeba mali ya wizi. Lakini angalia neno "sababu". Kuvaa kofia au kuwa kijana si sababu.

Ya pili ni kumfuata mtu wa kukamatwa. Ikiwa askari mwenye mamlaka ya kumkamata mtu ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ameingia katika nyumba fulani, wenye nyumba wanapaswa kumruhusu aingie amtafute. Jambazi akiruka ukuta na kuingia kwenu, askari hatageuka kwenda kutafuta hakimu.

Ya tatu ni mtu aliyekwisha kukamatwa. Anaweza kupekuliwa mwilini, na vitu vyake vikawekwa salama.

Ya nne ndiyo inayotuhusu sana sisi wa ploti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011, kifungu cha 60, inazungumzia upekuzi wa haraka. Mkuu wa kituo, au askari anayepeleleza kosa, anaweza kuingia na kupekua bila hati kama ana sababu za kuamini kwamba kitu fulani kiko pale, na kwamba akienda kutafuta hati kwanza upelelezi utaharibika. Lakini kabla ya kuingia anatakiwa aandike sababu za kuamini hivyo, na aandike maelezo ya kitu anachotafuta kadiri anavyokijua. Pia awe na cheti chake cha kazi, na mwenye nyumba akimwomba, amwonyeshe. Akitwaa kitu, aandike mara moja alichotwaa, na akipeleke mbele ya hakimu bila kukawia.

Niliposoma kifungu hicho nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimedhani kwamba bila hati, kalamu pia haihitajiki. Sivyo. Askari akiwa na hati, hakimu ameandika. Akiwa hana hati, yeye mwenyewe ndiye anayeandika. Siwezi kusema waliotujia walikuwa wameandika nini kituoni kwao, kwa sababu sikuwa huko. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyetuonyesha cheti, na simu ya kaka ilikwenda na kurudi bila kuandikwa popote mbele yetu wala kupelekwa kwa hakimu.

JE, KUSIKILIZA NA KUTAZAMA?

Utaniuliza, je, kama askari haingii nyumbani kabisa, bali anasikiliza tu simu yako akiwa mbali? Swali hili lilisumbua mahakama za Marekani kwa miaka mingi, na ni vizuri tuone walivyofika, ingawa hukumu zao hazitufungi sisi. Mwaka wa 1928, katika kesi ya Olmstead, majaji watano dhidi ya wanne walisema kunasa simu kwa nyaya za nje si upekuzi, kwa sababu hakuna aliyeingia nyumbani. Miaka thelathini na tisa baadaye, mwaka wa 1967, ikaja kesi ya Katz. Mtu huyu alipiga simu za kamari kutoka kibanda cha simu cha umma mjini Los Angeles, na wapelelezi wakabandika chombo cha kunasa sauti nje ya kibanda. Safari hii mahakama ikageuka. Ilisema kwamba sheria humlinda mtu mwenyewe, si kuta peke yake. Aliyefunga mlango wa kibanda akaongea alikuwa na haki ya kuamini kwamba maneno yake ni yake. Wapelelezi wangetafuta hati kwanza. Na mwaka wa 2014, katika kesi ya Riley, majaji wote tisa waliamua kwamba hata mtu aliyekamatwa, simu yake isifunguliwe na kusomwa bila hati, isipokuwa pana dharura, maana siku hizi simu hubeba habari nyingi kuliko nyumba nzima.

Kwetu Kenya hatukungoja kubishana juu ya kuta, kwa kuwa Katiba ilitaja mawasiliano waziwazi. Halafu Bunge likatunga sheria za kufuata. Katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 36, askari anayetaka kunasa mawasiliano ili kupata ushahidi wa ugaidi lazima awe na cheo cha inspekta mkuu au zaidi. Kwanza apate kibali cha maandishi cha Inspekta Jenerali au cha Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha ndipo aombe amri ya mahakama. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka wa 2018 nayo inamtaka askari anayetafuta habari zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta aombe hati mahakamani.

Lakini mlango huo una ufa, na si vizuri kuuficha. Mwaka wa 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, sheria za usalama zilibadilishwa, na kikaongezwa kifungu cha 36A kinachoviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi. Baadhi ya watu walikwenda Mahakama Kuu. Mwezi wa Februari mwaka wa 2015 majaji watano walifuta vifungu vinane vya sheria ile mpya, lakini hicho cha kunasa mawasiliano wakakiacha. Walisema ugaidi ni hatari kubwa na kwamba mpaka huo wa faragha unakubalika. Wako wanaoona majaji walipima sawa, na wako wanaoona walitupima kidogo. Mimi naona jambo moja: kadiri mamlaka yanavyofanyika gizani, ndivyo yanavyohitaji mtu wa tatu zaidi. Godoro likipinduliwa unaliona. Simu ikisikilizwa huoni kitu.

Na je, kutazama tu? Katika sheria nilizozitaja, hakuna inayomtaka askari aende kwa hakimu ndipo amtazame mtu anayepita sokoni au anayesimama stendi ya matatu. Macho ya barabarani ni ya kila mtu. Tofauti inaanza pale anapotaka kuona kile ulichokifunga, kama vile mlango, mfuko, sanduku au simu.

ASKARI AKIJA, UFANYE NINI?

Mzee karani alinipa maagizo machache, nami nawapa.

1. Usipigane wala usikimbie. Hata kama upekuzi si halali, mahali pa kulisema hilo ni mahakamani, si mlangoni usiku.

2. Kwa adabu, omba kuona hati. Isome: ni nyumba yako? Wanatafuta nini? Kama ni usiku, hakimu ameruhusu usiku?

3. Kama hawana hati, omba kuona cheti cha kazi na uulize wanatafuta kitu gani. Kumbuka jina, namba na saa.

4. Kitu kikitwaliwa, omba kiandikwe na upewe nakala.

5. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, ni siku ya kwanza itakapofunguliwa.

6. Ukidhulumiwa, kuna Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Malalamiko unayapeleka huko wewe mwenyewe, tena bila malipo.

JIBU LANGU

Sasa nakurudia, mwenzangu wa mdahalo. Uliniuliza naogopa nini kama sina cha kuficha. Kaka yangu hakuwa na cha kuficha, na ndiyo maana simu ilirudishwa. Lakini alipoteza kazi ya siku tatu, na maneno aliyomwandikia msichana wake yamekuwa mchezo plotini hadi leo. Mama naye hakuwa na cha kuficha. Katika sanduku lile mlikuwa na leso za mama yake tu, na hakutaka mgeni azishike. Mtu anaweza kukosa hatia na bado akawa na kitu ambacho ni chake.

Tena kuna jambo uliloniambia wewe mwenyewe baada ya mdahalo, tulipokuwa tukingoja mvua iishe pale nje ya maabara. Ulisema baba yako huona uchungu kesi ikianguka kwa sababu ushahidi ulipatikana vibaya. Nimelitafuta hilo nikalipata. Katiba, kifungu cha 50, inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utakataliwa ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Kwa hiyo hati inamlinda mama yangu, na inamlinda baba yako pia. Askari aliyeandika sababu zake anaweza kusimama mahakamani akizisoma, na mwizi wa kweli asiponyoke.

Juzi nilimsomea mama kifungu cha 31. Alikuwa akichambua mboga. Alinyamaza, kisha akaniambia nimwandikie kwenye kipande cha karatasi maneno ya kusema siku wakija tena. Niliandika hivi: "Karibu, afande. Naomba kwanza kuiona hati." Alisoma mara mbili, akasema neno "karibu" nimefanya vyema kulianza. Sasa kipande hicho kimebandikwa nyuma ya mlango wetu, juu ya kalenda.

Na kama chama kitairudia hoja ile, mhariri, naomba niwe msemaji wa kwanza.